Injinia wa Rivasi

Saa tatu asubuhi, akiwa ameegemea nguzo ya maegesho ya jengo la maduka, Injinia aliliona gari kubwa la kijivu likiingia taratibu, na mate yakamjaa mdomoni. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa refu, pana, lenye matairi manene, na kwenye usukani alikaa mama wa umri wa kustaafu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mikono yote miwili imeung'ang'ania usukani. Mtu mwingine angemwona mama wa watu anakwenda zake dukani. Injinia aliona riziki inakuja yenyewe, tena inamwonyesha kwa taa upande inakopinda.

Inabidi tumweleze huyu Injinia, ingawa hastahili. Uinjinia wake hakuupata chuoni. Aliupata kwa fundi cherehani, aliyemshonea koti la bluu lenye mifuko minne na kumdarizia neno hilo kifuani kwa uzi mwekundu. Kabla ya koti aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele, kichwa chake mwenyewe kikiwa na kipara kinachong'aa. Aliwahi kuuza viwanja vya watu wengine, na simu ambazo ndani yake mlikuwa na kipande cha sabuni. Kote huko alitoka mbio. Kwenye magari ndiko alikotulia, maana aligundua jambo moja: wenye magari hawajui chochote kuhusu kitu wanachojivunia kuliko vyote, na wako radhi kulipa kuliko kukiri kwamba hawajui.

Mtaji wake wote ulikuwa swichi moja. Ubavuni mwa giaboksi ya gari kuna kiswichi kisichozidi dole gumba. Dereva akiingiza gia ya rivasi, kiswichi kile kinabonyezwa, umeme unapita, na habari inasambaa gari zima: taa nyeupe za nyuma zinawaka, kamera ya nyuma inafumbua jicho na kuonyesha kwenye dashibodi kilichoko huko, na kile kidude cha kulia pii-pii kinaamka, tayari kupiga kelele gari likikaribia ukuta au mtu. Vyote hivyo vinamsikiliza huyo swichi mmoja, na swichi mwenyewe hajui lolote zaidi ya kwamba mkono wa dereva umevuta gia. Ukichomoa plagi yake, vyote vinazima kwa mpigo. Mwenye gari akiona vitu vitatu vimekufa pamoja hawazi plagi. Anawaza balaa, na hapo ndipo koti la bluu linapojitokeza.

Kazi ya kuchomoa plagi ilikuwa ya Mjusi, shemeji yake, kaka wa mkewe. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba kupita kiasi, aliyevaa shati la walinzi wa maegesho alilolinunua kwenye mitumba. Aliweza kuingia chini ya gari, kuchomoa na kutoka upande wa pili kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu tu, na shemeji yake alimpa kazi inayofanywa kwa kulala chali.

Juzi tu walikuwa wamemtengeneza mwenye duka la vioo, bwana mmoja anayewakata wafanyakazi wake mshahara kwa kikombe kilichovunjika. Injinia alimwonyesha kisanduku chake cheusi chenye taa tatu, alichokiunda kwa mabaki ya mwanasesere wa kuimba. Akakibandika kwenye dashibodi, taa nyekundu ikawaka kama inavyowaka siku zote, na akatamka kwa huzuni kwamba ubongo wa gari umeungua. Yule bwana aliuliza swali moja tu: ubongo mpya utakuwa wa daraja la juu kuliko wa gari la jirani yake? Injinia alimhakikishia kwamba jirani hata asingeufikia. Bwana akalipa, Mjusi akarudisha plagi, na tajiri akapiga rivasi mara nne akicheka peke yake garini. Mtu wa namna hiyo ukimwibia, hata kumwonea huruma unashindwa pa kuanzia.

Yule mama wa gari la kijivu alilisimamisha mwisho wa safu, pua ikiangalia njia ya kutokea, akaingia duka la dawa. Injinia hakutazama alivyoegesha, kwa sababu macho yake yalikuwa yanamtafuta Mjusi. Mjusi akazama, akaibuka, akajifuta mgongo. Mama aliporudi na mfuko wake wa dawa, Injinia alikuwa amesimama pembeni ya gari, mikono nyuma, uso umejaa masikitiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani kwa kukusumbua. Ulipokuwa unarudi nyuma kuegesha, nimeona taa zako za rivasi haziwaki. Nikasema siwezi kunyamaza, huyu ni sawa na mama yangu mzazi."

Mama alivaa miwani yake. "Umeniona nikirudi nyuma?"

"Kwa macho yangu mawili."

"Hapahapa?"

"Hapahapa, mama."

Mama alimtazama kwa kitambo, kuanzia viatu hadi uzi mwekundu wa kifuani. Kisha akasema basi ni bahati yake kukutana na mtu mwenye macho makali hivyo, na akamwomba amsaidie.

Injinia akamwelekeza aketi, afungue swichi ya gari bila kuwasha injini, aingize gia ya rivasi. Taa hazikuwaka. Kioo cha dashibodi kilibaki cheusi. Kidude cha pii-pii kilikaa kimya. Akakitoa kisanduku chake, taa nyekundu ikawaka, akakishika kichwa kwa mikono miwili, kichwa chake mwenyewe, na kuvuta pumzi ndefu. Akaeleza kwamba ubongo wa gari umepata kiharusi upande wa nyuma. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutia chumvi hata kwenye chai, akaongeza onyo: gari lile lisirudishwe nyuma hata hatua moja, hata kwa kusukumwa. Likirudi nyuma tu, nyaya zote zitaungua na moto utaanzia chini ya kiti cha dereva.

"Chini ya kiti changu?" mama aliuliza.

"Hapo hapo ulipokaa."

Mama akaahidi kwa heshima zote kwamba hatalirudisha nyuma.

Kwa kawaida hapa ndipo Injinia hutaja bei ya ubongo mpya, na hadithi yetu ingekuwa fupi. Lakini siku hiyo alikuwa na jambo linalomkera. Kwenye kona ya maegesho lilisimama gari lake dogo jeupe, nalo lilimwaibisha. Alijua kabisa kwamba matajiri wakubwa hawamwamini injinia anayeshuka kwenye gari linalofanana na sanduku la viatu. Akiwa na gari kubwa la kijivu angeingia kwenye ofisi ambazo sasa anaishia getini. Akalitazama la mama, akalitazama dogo, na tamaa ikampanda hadi masikioni.

Tumesema gari lake, lakini huo ni uongo aliouzoea. Gari dogo lilikuwa la mkewe, muuguzi wa zamu, aliyelinunua kwa kujinyima miaka sita, akila mkate mkavu kwenye mapumziko huku wenzake wakienda kantini. Lilimpeleka hospitali alfajiri na kumrudisha jioni, kwa sababu huko anakofanya kazi hakuna usafiri wa kueleweka. Siku ya kulinunua mume ndiye aliyejitolea kwenda kujaza fomu, na kwenye nafasi ya jina la mwenye gari kalamu ikateleza, ikaandika jina lake mwenyewe. Mke aliligundua hilo baadaye, akalia, akasamehe. Mashine yake ya kushona ilikuwa imeshapotelea kwenye biashara za mumewe, na jokofu pia. Kuhusu gari alimwambia mbele ya kaka yake, bila kupandisha sauti, kwamba likiondoka gari na mume ataondoka, maana nyumba ile imepangwa kwa jina la mke na haikujazwa fomu na mtu mwingine. Asubuhi hiyo alikuwa amemwachia alipeleke kubadilishwa oili, amfuate kazini saa tisa.

Injinia akamketisha mama kwenye benchi nje ya duka la dawa na kuanza kumzikia gari lake akiwa analiona. Ubongo mpya, alisema, hauuzwi tena. Kiwanda kimeacha kuutengeneza. Fundi mwingine atakayeligusa ataliunguza. Ukitaka kuliuza, nani atanunua gari linaloweza kwenda mbele tu, labda mtu asiyekusudia kurudi kwake. Kila alipotaja ubovu mpya mama alitikisa kichwa na kusema alikuwa anahofia hivyo hivyo. Hatimaye Injinia akashusha sauti na kusema kwamba yeye, kwa moyo wake wa kupenda wazazi, yuko tayari kujitwika mzigo huo. Atalichukua gari bovu, na mama atachukua gari lake dogo, zima, linalokwenda pande zote.

Mama hakurukia. Aliomba kwanza alijaribu lile dogo. Aliliendesha mbele kidogo, kisha akaingiza rivasi na kurudi nyuma, polepole, hadi mwisho wa maegesho. Akaenda mbele, akarudi nyuma tena. Mara ya tatu alirudi nyuma kwa kona, na alipoteremka macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha. Injinia alimkonyeza Mjusi. Alidhani amempata mama mjinga kuliko wote waliowahi kupewa leseni.

Kisha mama akaanza kuomba nyongeza, kwa unyenyekevu mwingi. Lile lake ni kubwa, alisema, na dogo ni dogo, hata mtoto angeona. Akaomba tairi la akiba, akapewa. Akaomba jeki, akapewa. Akaomba tangi lijazwe, na Injinia akampeleka kituo cha mafuta cha jirani huku anatabasamu kwa meno ya mbele tu. Mwisho mama akaomba na kile kisanduku cheusi, maana mtu akiwa na chombo cha kutambua maradhi namna ile hatadanganywa tena na mafundi. Injinia alikitazama kisanduku chake kwa uchungu. Lakini mabaki ya mwanasesere yanapatikana kila jalala, na gari kubwa halipatikani. Akakitoa.

Mjusi alimvuta pembeni. Alimkumbusha kwamba gari dogo ni la dada yake, kisha akasema neno pekee la akili alilowahi kusema katika shughuli hiyo.

"Angalau tulijaribu kwanza, shemeji. Nirudishe plagi, upige rivasi tuone."

"Una wazimu? Gari likirudi nyuma mbele ya macho yake, nimwambie nini? Kwamba limefufuka?"

"Lakini dada..."

"Dada yako jioni atapanda gari la wakubwa. Kwanza utaniomba msamaha."

Mjusi aligeuka kulitazama gari dogo jeupe. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaona kwamba plagi anazochomoa zimeungana na watu anaowajua, na jambo hilo lilimuuma.

Wakapanda ghorofa ya pili kwa wakala wa hati za magari, mtu mwenye meza moja na mihuri sita, anayegonga mihuri bila kuinua macho. Kabla ya kusaini mama alifungua mkoba akatoa karatasi ya mistari na kalamu mbili, ya pili kwa ajili ya ile ya kwanza ikigoma. Alisema yeye alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu waliokula kiapo, na hadi leo hawezi kulala kama jambo halipo kwenye karatasi. Mtu mwenye akili angesikia hayo akakumbuka kwamba ameacha maji jikoni. Injinia alivuta kiti karibu.

Mama alisema anaogopa lawama. Kesho na keshokutwa watu wasije kusema kwamba mzee amemuuzia kijana wa watu gari bovu bila kumwambia. Akamwomba aandike mwenyewe, kwa mkono wake, yale aliyoyagundua kitaalamu. Injinia, aliyekuwa akipenda kuitwa mtaalamu kuliko kula, akaandika kwa herufi kubwa zenye mikia: kwamba yeye, fundi wa umeme na mitambo ya magari, amelikagua gari hili mwenyewe na kuthibitisha kwamba mfumo wake wote wa kurudi nyuma umekufa kabisa, hautengenezeki, na kwamba analichukua kama lilivyo, kwa hiari yake na kwa kujua ubovu huo.

"Hapo kwenye umekufa kabisa, piga mstari chini," mama alisema.

Akapiga mistari miwili. Mjusi akasaini kama shahidi. Wakala akagonga mihuri yake, jina likatoka huku likaenda kule, na mama karani akateremka ngazi na mfuko wake wa dawa, akaingia kwenye gari dogo jeupe, akarudi nyuma vizuri kutoka pale lilipokuwa, akapunga mkono na kupotea.

Injinia alicheka hadi akakohoa. Aliliendesha gari la kijivu hadi kona ya pili, akalisimamisha, Mjusi akaingia chini na kurudisha plagi. Kisha, akiwa na injini imezimwa na kidole kimoja kimeinuliwa hewani, akaingiza gia ya rivasi. Taa nyeupe zikawaka mbili zote. Kioo cha dashibodi kikaangaza na kuonyesha mtaa mzima wa nyuma, na mistari ya kijani, njano na nyekundu ya kumwongoza dereva. Kidude kikalia pii moja ya salamu. Akaubusu usukani. Alikuwa ameshawadanganya watu wengi kwamba taa zikizima gari limekufa, hadi yeye mwenyewe akaamini kwamba zikiwaka basi ni zima.

Kwa saa tatu alizunguka mji, mbele kwa mbele. Alipita mbele ya kinyozi anayemdharau, akapiga honi. Alipita kwa fundi cherehani wa koti, akapiga honi. Walipokaribia hospitali Mjusi aliomba ateremke, alikuwa na haja zake, na Injinia akamteremsha bila kuuliza ni haja gani. Ilikuwa imeshapita saa tisa. Ya kumfuata mke aliyakumbuka akiwa amefika mbali, akaona si kitu, atamsubiri nyumbani na mshangao wake.

Uchochoro wa kwao ulikuwa mwembamba na uliishia kwenye geti la ua wa nyumba. Gari dogo lilikuwa linaingia na kuzunguka humo bila shida. La kijivu liliingiza nusu yake, pua ikaishia hatua mbili kutoka ukuta wa jiko la wapangaji, mkia ukabaki nje, na geti halikuweza kufungwa. Majirani wakatoka. Fundi viatu akaacha kiatu kwenye kalibu, wapangaji wanne wakasimama mlangoni, na Injinia, aliyefurahi kupata watazamaji, akawatangazia kwamba wasihofu, gari hili lina jicho mgongoni. Akawasha injini, akaingiza rivasi. Taa zikawaka, kamera ikafumbuka, kidude kikaanza kulia. Watu wakasema ahaa.

Akaachia klachi. Gari halikwenda popote.

Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, moshi ukajaa uchochoro, taa zikaendelea kuwaka, kamera ikaendelea kuonyesha, na gari likakaa pale pale. Akatoa gia, akaingiza tena. Akajaribu taratibu, akajaribu kwa hasira. Kila alipoingiza, swichi ilifanya kazi yake kwa uaminifu na kuutangazia ulimwengu kwamba gari linarudi nyuma. Fundi viatu akauliza kama hiyo ndiyo teknolojia mpya. Jasho likaanza kumtoka Injinia kwenye kipara, kwa maana sasa alielewa, na hakuna kitu kinachouma kama kuelewa ukiwa umekaa mbele ya watu.

Akapiga simu. Namba ilikuwa kwenye hati aliyopewa na wakala, imeandikwa vizuri.

"Mama, hili gari halirudi nyuma."

"Najua, mwanangu. Meno ya gia ya rivasi yalikwisha tangu miezi mitatu iliyopita. Mafundi wawili walinithibitishia, giaboksi nzima ni ya kutupa."

"Ulijua? Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyeniambia. Mfumo wote wa kurudi nyuma umekufa kabisa, hautengenezeki. Karatasi yako ninayo hapa, ina mistari miwili."

Mama karani aliendelea kwa sauti ile ile ya upole. Alisema kwa miezi mitatu amekuwa akiegesha mahali ambapo anaweza kuingia mbele na kutoka mbele, hata kanisani na sokoni, na aliona haya kumuuzia mtu mwema gari lile. Ndipo akatokea kijana aliyeapa kwamba amemwona akirudi nyuma kwa macho yake mawili. Miaka thelathini na moja aliwaandika waongo wakamtoroka kwa kukosa ushahidi, na huyu alikuja kuuandika mwenyewe.

"Lile gari dogo ni la mke wangu," Injinia alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Mama akasema kwamba kwenye hati hakuona jina la mke. Alisema hilo linamsikitisha, na huenda lilimsikitisha kweli, lakini hakusema atalirudisha. Akakata simu.

Injinia alibaki ameinamia usukani, gia bado ikiwa kwenye rivasi. Alikuwa anatafuta uongo wa kumwambia mkewe, na kwa jinsi alivyokuwa fundi wa kazi hiyo ulikuwa unakaribia kupatikana: gari dogo limeibwa, au limeitishwa na serikali, au limebadilishwa kwa muda tu. Ndipo kidude kikalia. Pii. Akainua macho kwenye kioo cha dashibodi. Mwisho wa uchochoro, katikati ya ile mistari ya kijani, alikuwa anakuja mwanamke mwenye sare ya uuguzi, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi la njia nzima kutoka hospitali. Nyuma yake alifuata Mjusi, kichwa chini, mtu aliyekwisha kusema yote. Pii, pii. Mwanamke akaingia kwenye mstari wa njano. Injinia akatamani kuzima mtambo na mkono ukakataa kusogea. Pii-pii-pii-pii. Akaingia kwenye mstari mwekundu, uso wake ukajaa kioo kizima, na kidude kikatoa mlio mmoja mrefu usiokatika.

Mke alikuja dirishani. Hakulia. Aliulizia gari lake kwa neno moja, "Limeondoka?" na Injinia, baada ya kupitia uongo wote aliokuwa nao, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi kaa hapo hapo kwenye usukani," alisema. "Usiteremke."

Akapenya kati ya gari na nguzo ya geti, akaenda upande wa mbele ndani ya ua, akaweka viatu vyake chini na kuviegemeza viganja vyake viwili kwenye boneti. Akamwita kaka yake. Mjusi akaja, akasimama kushoto kwa dada yake. Fundi viatu akaja, na wapangaji wanne nao, wakisukumana kugombea nafasi. Mke akahesabu hadi tatu, wakasukuma. Injinia alimwona kupitia kioo cha mbele, hatua moja tu kutoka kwake, jinsi alivyouma meno na jinsi mishipa ya shingo ilivyomsimama, na akajua kwamba kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona akifanya jambo kwa moyo wote namna ile.

Gari likaanza kurudi nyuma. Lilirudi vizuri, bila kugusa ukuta wowote, taa nyeupe zikiwaka na kamera ikimwonyesha njia ya kwendea, mpaka mkia ukapita uchochoro na pua ikatoka getini. Mke akafuta mikono kwenye sare yake, akaokota viatu, akamshika kaka yake begani wakaingia ndani, na geti likafungwa.